Jiwe la Mlima Kei

Mwaka ule Maalim Asega hakuwa na kitabu.
Kitabu kilibaki Sudani, kambini,
mchwa wakakisoma mpaka herufi ya mwisho.
Alitufundisha kwa kinywa, na kinywa chenyewe kigugumizi,
kwa hiyo Nyumba ile ya Makka
tuliijenga polepole, silabi juu ya silabi.

"Wa-wamesema," ndivyo alivyoanza kila mara.
Wamesema malaika waliizunguka
udongo ungali udongo, haujawa mtu.
Wamesema hapana, ni Adamu:
alishushwa mpweke, akalia,
akapewa mahali pa kuzunguka.
Wamesema gharika ilipokuja Nyumba ikanyanyuliwa,
kikabaki kilima chekundu tu,
maji yakipita kando kwa adabu.
Kisha hufuta jasho. "Na Mungu ndiye ajuaye."

Kilima cha namna hiyo sisi tulikijua.
Tuliporudi Yumbe kutoka ukimbizini
msikiti wetu ulikuwa nyasi.
Mama, mtoto mgongoni, sufuria kichwani,
alijikwaa kidole, akatukana kidogo,
akainama, akafukua kwa kijiti:
msingi.
Tangu hapo sikuuliza tena
Ibrahimu alipaonaje mahali pa kuanzia.

Likaja somo la milima mitano:
Sinai, Zeituni, Lebanoni, Judi, Hira.
Kila mmoja, wamesema, ulitoa mawe yake.
Nikanyosha kidole: "Na Kei?"
Swaliki, ndugu yangu, alicheka hadi kofia ikamdondoka.
Maalim hakucheka. Alitazama kaskazini,
mlima umejilaza pale kama ng'ombe anayecheua.
"Ha-haikupokewa," akasema.
Hakusema haikutokea.

Alfajiri ya Ijumaa nikatoroka.
Nilivuka Kochi maji yakinifika kiunoni.
Ukuta wa kibla ulikuwa umebakiza pengo moja,
nimelipima kwa shubiri: mbili na nukta.
Nikachagua jiwe la kijivu, zito kama mtoto aliyelala,
nikalala njiani kwa shangazi,
nikarudi Jumamosi shingo imeingia mabegani.

Pengo limezibwa.
Tofali la kuchoma, udongo wake ungali mbichi.

Nililia kilio cha watu wawili,
mmoja wa fimbo za mama, mmoja wa lile tofali.
Maalim akachuchumaa. Ismaili naye, alisema,
alitumwa jiwe la mwisho,
akarudi nalo, akakuta baba yake ameshaletewa jingine.
Nani kalileta? Kalileta a-asiyekungoja wewe.

"Na lile la Ismaili," nikauliza, "alilipeleka wapi?"

Akanyamaza. Safari hii haikuwa kigugumizi.
Akalibeba jiwe langu kifuani, juu ya kanzu yake safi,
akalilaza penye pipa la maji,
pale watu wanaposimama kuosha miguu.

Sasa wajukuu wa Swaliki wanatawadha hapo.
Lile la Makka, wamesema,
lilishuka jeupe kushinda maziwa,
dhambi za wanadamu zikalitia weusi.
Langu lilikuja la kijivu. Limekuwa jeusi,
laini, limebonyea mahali pa visigino.
Ni dhambi, au ni matope tu ya masika?
Haikupokewa.
Mimi nikifika huliosha kwanza lenyewe,
halafu ndipo miguu.