Kitufe cha Hapana

Asubuhi ya Februari, theluji imeganda kwenye dirisha.
Bi Bogumiła wa Lublin, ghorofa ya nne,
anawasha kompyuta aliyoinunua kwa pesa yake
na kukuta vitu vimehamishwa usiku.
Kikapu cha taka hakipo kilipokuwa.
Barua za dada yake zimepelekwa "mahali salama";
salama dhidi ya nani, hawakuandika.

Katikati ya kioo swali limejikalia kama mdai:
Tumekuboreshea. Ungependa tukujue zaidi?
Chini yake vitufe viwili:
Ndiyo.
Baadaye.

Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la sweta, anaivaa tena.
Ndiyo. Baadaye.
Anafungua mlango ulioandikwa Mipangilio,
ndani yake mlango, ndani yake mlango,
na nyuma ya mlango wa mwisho kurasa tisini za masharti,
na mwisho wa masharti: Ndiyo.

Miaka thelathini na mmoja alikaa nyuma ya dirisha la posta.
Enzi hizo hata barua ya serikali, yenye nembo na lakiri,
ikimfikia mtu mlangoni, naye akatikisa kichwa,
ilirudi.
Yeye mwenyewe aliigonga muhuri wa zambarau:
ODMOWA. Mwenyewe kakataa.
Barua ikapanda treni ile ile iliyoileta,
wala hapakuwa na wa kumuuliza mtu
kama angependelea kukataa siku nyingine.

Leo anataka kuchapa karatasi arobaini tu:
wapangaji wakutane Alhamisi, mabomba ya joto yamepoa.
Mashine inakohoa, inasema haina wino.
Anafungua mfuniko. Wino upo, mweusi, unacheza ndani.
Anapiga simu. Sauti tamu isiyo na koo
inamshukuru kwa uvumilivu wake
mara kumi na moja (anahesabu kwa vidole, anakopa kimoja cha mguu),
kisha inamjulisha: ada ya mwezi haijalipwa,
wino umezuiwa.
"Wino wangu?"
Sauti inamshukuru kwa uvumilivu wake.

Tymek, kijana wa ghorofa ya chini, anapanda na soksi za rangi mbili.
"Bibi, huo si wako. Ulinunua ruhusa."
"Na mashine?"
"Ruhusa."
"Na barua za Danuta?"
Kijana anatazama soksi zake.

Tulizoea kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu kaja na jembe lake mwenyewe,
kalima sebule, kalima hadi chini ya kitanda,
na sasa anatutoza kodi ya godoro.
Nami ninayeandika haya nisijifanye shujaa:
nimebonyeza Ndiyo usiku wa manane
nikitafuta dawa ya kikohozi,
nimebonyeza Baadaye mara elfu
nikauita uhuru.

Jioni anavuta droo ya vifungo na mishumaa.
Muhuri upo. Aliuiba siku aliyostaafu,
wizi wake wa pekee, na hajautubu.
Kidau kimekauka; anakitemea mate, anakisugua.
Anasimama mbele ya kioo
kama walivyosimama watu mbele yake,
kofia mkononi, theluji begani,
na anagonga.

Wino hauna pa kushika.
Herufi zinateleza. O ya kwanza inashuka polepole,
inafika kwenye kitufe, inatulia juu ya Baadaye.
Hakuna kilichotokea. Mahali fulani mbali
hakuna aliyeshtuka.

Karatasi arobaini anaziandika kwa mkono,
na kufikia ya ishirini mwandiko umelewa,
"mabomba" yamekuwa "mabobma", anayaacha hivyo hivyo.

Asubuhi swali limerudi, limevaa rangi mpya.
Ndiyo. Baadaye.
Analichungulia kupitia doa la zambarau.
Anakoroga chai.
Kitambaa cha kufutia kiko hapo karibu, mkono ukinyooshwa tu unakifikia.
Anakoroga chai.