Nyuma ya Mashine

Nilipanga Unga Limited, nyuma ya mashine ya kusaga,
miezi kumi na minne.
Chumba hakina dirisha, tundu la tofali moja tu,
nalo nililiziba kwa gazeti mwezi wa saba,
baridi ya Meru iliposhuka kudai kodi yake.

Mashine ilikoroma usiku kucha.
Ukuta ukatetemeka, kikombe kikatembea mezani
kama mlevi anayetafuta mlango.
Vumbi jeupe shukani, kwenye kope, kwenye mswaki,
na mimi, kwa Mama Ndeanansia,
nakopa unga robo kilo.

Choo: wapangaji kumi na tisa, kufuli moja,
ufunguo anao Eliakimu,
na Eliakimu harudi kabla ya saa sita.

Watu husema pabaya pakishapita huwa patamu.
Waongo.
Juzi nilipita pale na mwanangu.
"Baba, mbona umeziba pua?"

Sikumjibu.
Nilikuwa nautazama mlango, kijani kile kile,
na kando yake, kwenye kamba,
shati jeusi la mtu nisiyemjua,
jeupe upande mmoja,
ule uliogeukia mashine.