Majanitu

Agosti, upepo wa Dodoma hauombi ruhusa.
Unapita chini ya mlango, unakaa mezani
kama mgeni aliyekuja na godoro lake.
Nafuta vumbi kwanza, ndipo nafungua kabati.

Kazi yangu ni kutunza wafu wasioliwa:
jani, ua, kipande cha mzizi, mbegu ndani ya bahasha,
vimeshonwa kwa uzi mweupe kwenye karatasi ngumu.
Adui zangu ni wadudu wadogo kuliko nukta
na umeme unaokatika friza ikiwa imejaa.
Jirani huniuliza: "Bado mnakausha mboga?"

Naam. Na mboga pia.

Karatasi namba 417. Hombolo, Machi 1954.
*Unatambaa. Maua njano. Udongo mzito, bondeni*,
bonde ambalo sasa limelala chini ya bwawa.
Mwandiko wa mgeni, umeinama upande mmoja
kama mtama uliopigwa na mvua ya mawe.
Jina la kienyeji: *Majanitu*.

Miaka kumi na tisa nimelitamka hivyo.
Nimeliingiza kwenye kompyuta.
Wanafunzi wameliandika kwenye mtihani, nikawapa alama.

Jumanne akaja Mama Nyemo Chilongani,
kamsindikiza mjukuu anayejifunza kazi kwangu.
Kiti alikikataa. Akatazama karatasi,
akavua miwani, akaivaa tena,
akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Hilo si jina, mwanangu.
Aliuliza, hii nini? Akajibiwa: majani tu."

"Kwani hawakuyajua?"

Kicheko kikaisha.

"Haya ndiyo yaliyotuvusha.
Ghala limefagiliwa, ng'ombe wamebaki ngozi,
mama akiyachuma usiku, bila taa.
Chakula cha njaa hakionyeshwi mtu mwenye lori."

Akainama, akanusa.
Najua hapana harufu pale, ila naftalini,
lakini alifumba macho.
Kidole kikagusa jani
(kanuni ya kwanza, imebandikwa ukutani, herufi kubwa)
na kipande kikavunjika,
kidogo kama ukucha wa mtoto.
Kilichovunjika hakitupwi. Nikafungua bahasha.
Yeye akakitia mdomoni.

Tukasikia friza ikinguruma.

"Uchungu ni uleule," akasema.

Kisha akanitajia jina lake.
Silabi tatu, ya katikati inatokea puani.
Mjukuu hakuwahi kulisikia.
Nikashika penseli, maana wino huwa unavuja,
nikauliza: niandike?

Akazitazama kabati za chuma, safu kwa safu,
hadi ile ya mwisho iliyopinda mlango.
"Humu ndani," akauliza, "mna njaa ngapi?"

Sikuwa na hesabu hiyo. Nina ya karatasi tu.

"Andika," akasema. "Ila lile la kwanza usilifute.
Aliyemjibu yule bwana alikuwa baba yangu."

Ncha ilikuwa butu. Nikatafuta kichongeo.