Kirikuu Moja ya Udongo

Kiwanja changu hapa Pasua ni kifusi:
vipande vya tofali, kandambili ya mguu mmoja,
misumari, moramu iliyoshindiliwa
kama kauli ya afisa ardhi.
Mchicha niliousia Machi
uliota, ukanitazama, ukaondoka.

Ndipo nikajifunga khanga ya pili
nikaenda kununua udongo.

Rudia hayo, mtoto wa Uru:
kununua udongo.
Baba angesikia, angeweka bakuli lake chini.
Kwetu udongo kilikuwa kitu cha kujipangusa miguuni
kabla hujaingia ndani.

Nyuma ya kituo cha mafuta wako watatu.
Wa kwanza ana mweusi, unang'aa. "Mbolea tupu, mama."
Nikachota konzi, nikatia mate, nikafinya:
ukaning'ang'ania vidole
kama mtoto asiyetaka kuachwa shuleni.
Mfinyanzi huo. Kafinyangie vyungu.
Jua la Januari likiupiga utapasuka
mpaka kuku atumbukize mguu.

Wa pili kaufunga kwenye viroba, midomo imeshonwa.
"Fungua nione."
"Ukishalipa."
Mbuzi kwenye gunia nilishauziwa mara moja,
nikaishi naye miaka kumi na tisa.
Kiroba kimoja kilikuwa na tundu,
na pale tunduni, ukungu mweupe.
Nikaugusa kwa ncha ya ulimi. Chumvi.
Wa huko chini tambarare, wa magadi;
mwenyewe akatazama pembeni.

Wa tatu, Wilbard, alikuwa anakula muhogo.
Hakusifia kitu. Akanisukumia koleo:
"Chimba mwenyewe."
Nikachimba hadi tumboni mwa kilima,
maana juu ya kilima ni uso wa bibi harusi.
Nikafinya: ukashikana.
Nikaugusa kwa dole gumba: ukaachana
taratibu, bila ugomvi.
Nyungunyungu mmoja akajikunja, kaudhika kuamshwa.
Nikanusa. Ilikuwa ni pale mgombani
mama alipozoea kumwaga maji ya kuoshea ndizi.

"Unatoka wapi huu?"
"Uru. Wanachimba msingi wa ghorofa.
Mwenye kihamba kauza."
"Uru ipi?"
Akaitaja.

Sikuuliza jina la mwenye kihamba.
Nina kaka wawili, na simu zao siku hizi hazipatikani.
Nikauliza bei.

Alianza arobaini na tano, tukateremka
mpaka thelathini na nane elfu,
na samadi ya mbuzi viroba viwili,
na kijana wa kushusha.

Usiku nikatia konzi mbili kwenye chupa ya maji,
nikatikisa, nikaiacha dirishani.
Asubuhi kila kitu kimekaa kiti chake
kama ukoo kwenye msiba: mchanga chini,
tope laini juu yake, mfinyanzi kidogo,
na majani yaliyooza yakielea juu kabisa,
kama wale wajomba wasiokaa.
Nikasema, huu ndio.

Nilipokuwa nachekecha kwa wavu wa banda la kuku
kikabaki kisiki, urefu wa kiganja,
kina jicho moja la kijani.
Isale.

Isale halitupwi kwetu. Ndilo mpaka wa shamba.
Ndilo lililosimama juu ya babu.
Ndilo analolishika mkosaji akija mlangoni,
na ukishalipokea
huna tena ruhusa ya kununa.

Nikasimama nalo, koleo limeanguka,
nisijue hapo nani anamwomba nani radhi:
aliyeuza, au mimi niliyenunua
na kupunguziwa elfu saba.

Nimelichimbia pembeni, karibu na bomba.
Figiri imetoka siku ya nne. Mnavu unajikokota.
Vitunguu, tutaona.

Jana Mama Ndeonasia kachungulia juu ya ukuta:
"Na ile pale mboga gani?"
"Ile hailiwi," nikamwambia.
"Lete bakuli, nikuchumie figiri."