Risiti

Alikuja Januari, mwezi wa jua kumwagika
mpaka mabati ya Marikiti yakawa yanalia ta, ta, ta.
Mereana. Jina tulilishika upesi,
maana lilikaa mdomoni kama letu,
kila konsonanti na vokali yake, hakuna iliyoachwa mjane.

"Kwetu pia ni pwani," alisema. "Mji mdogo,
jua tele, wageni tele, maembe hakuna."
Akala sita.

Watoto wa Kibokoni walimfuata hadi mlangoni.
Kidevuni ana michoro, buluu iliyokoza,
imepinda kama ukili unaoanza kushonwa.
"Hina hiyo?" Swabra akauliza. "Ama wanja?
Mbona ukioga haitoki?"
Akajibu kwa Kiswahili cha wiki tatu:
"Haitoki. Bibi yangu iko hapa,"
akajigusa kidevu.
Sikumsahihisha.

Mama haoni vizuri tangu mtoto wa jicho.
Alimwita karibu, akausoma uso ule kwa vidole
polepole, kama apapasaye mchele akitafuta kijiwe.
Kisha mgeni akainama, pua kwa pua, paji kwa paji,
wakavuta hewa moja.
Mama, tambuu shavuni, akacheka:
"Sisi twabusu mkono. Nyinyi mwabusu pumzi.
Haya, umeipata na karafuu yangu."

Chai ya pili. Mkate wa sinia umebaki makombo.
Mama akauliza swali ambalo mimi, mwanawe,
sijawahi kulisikia likiulizwa mgeni:
"Kitovu chako kilizikwa wapi?"

Mereana akaweka kikombe chini.
Kwao, alisema, ardhi na kondo la nyuma
ni neno moja: whenua.
Ukitaja nchi umetaja kilichokulisha tumboni.
Lake lilizikwa kilimani, juu ya ufuo.
Kilima sasa kina uzio na nyumba za kukodi
zenye madirisha mapana ya kutazamia maji.
Huomba ruhusa kwa simu. Mara nyingine hupewa.

Mama akanyamaza.
Kisha: "Nipe buibui langu."

Tuktuk ilitushusha Ganjoni saa saba, jua la utosi,
vivuli vimejificha chini ya viatu.
Palipokuwa na mnazi wake
pana lami, mistari myeupe, magari arobaini.
Askari, kijana, redio mkononi:
"Mnamtafuta nani?"
"Najitafuta mimi," Mama akasema.

Alihesabu hatua kutoka ukuta wa msikiti,
thelathini na moja, kama alivyofunzwa na mamake,
akasimama nyuma ya Probox nyeupe.
"Hapa."

Mereana akavua ndala. Lami inaunguza; hakusogea.
Akaita.
Sikujua neno hata moja. Haukuwa wimbo.
Sauti nyembamba, ndefu, ya kumwita mtu
aliye ng'ambo ya Likoni na feri imeshaondoka.
Askari akazima redio.
Paka akatoka chini ya Probox, akatutazama, akarudi.
Na Mama akaitika, "Starehe,"
kana kwamba kuna aliyesema karibu.

Kutoka, pale kizuizini, kijana aliona haya,
lakini bosi alikuwa dirishani.
"Shilingi hamsini, mama. Hata bila gari.
Mmekaa nusu saa."
Mama akalipa mwenyewe, sarafu kwa sarafu,
akiipapasa kila moja.
Akadai risiti.

Aliikunja mara nne, akaipiga fundo pembeni mwa leso.
Mereana aliondoka Alhamisi, na achari chupa mbili.
Usiku ule Mama akafungua fundo. "Nisomee."
Nikasoma: tarehe, saa, Ganjoni, kiasi, asante.

"Jina langu limo?"

Halimo.

"Basi liandike."