Ubavu wa Kushoto

Lala ubavu wa kushoto, Don Eleuterio,
mkono chini ya kichwa, kama mtu anayengoja mvua ipite.
Jeli ni ya baridi, samahani;
Tacuarembó nzima ni ya baridi Julai hii,
na hita ya chumba hiki imekufa tangu Jumanne.

Termosi yake ameiegemeza ukutani, hatengani nayo.
Kovu linashuka katikati ya kifua:
wiki sita, limekauka, pembeni bado jekundu.
Napita kando yake, natafuta upenyo kati ya mbavu.
Toa pumzi. Zuia. Hapo hapo.

Mwezi Mei moyo huu ulikuwa hoi,
ukuta mnene, chumba kimetanuka,
vali imeganda chokaa kama birika kuukuu,
damu ikijipenyeza ufani kwa kishindo.
Asilimia thelathini na nne, niliandika,
nikaizima skrini kabla hajauliza.

Leo naigeuza imwelekee.
Si ruhusa. Majibu hutoa daktari;
kazi yangu mimi si kumpa mtu moyo,
ni kuupima.

"Hicho nini, kinachopigapiga?"
Ndiyo vali mpya. Imeshonwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe.

Ananyamaza. Miaka arobaini na mitatu
amewapitisha langoni, ng'ombe wa watu,
akiwahesabu kwa mafundo ya kamba,
na lori lilipofika ni yeye aliyewapakia.
"Kumbe mmoja alirudi," anasema.

Nawasha rangi.
Nyekundu inanijia, buluu inaniacha,
na kando ya mshono, mchirizi
mwembamba kama unywele.
Naupima mara tatu.
Ameuona pia; macho ya mchungaji hayo.
"Panavuja."
Kidogo.
"Lango lisilo na mwanya sijawahi kulijenga."

Arobaini na nane.
Ukuta wa kati bado unasuasua,
wenzake wakienda huku, wenyewe kule,
kama umenuna.
Huwa hivyo kisu kikishapita. Huenda ukazoea.

Nampa karatasi ajifute.
Anavaa fulana, sweta, sweta la pili,
anachukua termosi kwapani.
Mlangoni anageuka:
"Alikuwa wa rangi gani?"
Sijui. Hawaandiki.
"Wangeandika," anasema,
akaufunga mlango taratibu
na kulijaribu komeo, kwa nje, mara mbili.