Pumzi ya Lori Dogo

Dukani kwa Bakiri, Chikongola, kati ya vitasa na betri,
kuna maboksi mawili yaliyoshuka na mzigo wa mtu mwingine.
Ndani ya kila moja, kalamu ya chuma isiyojua wino.
Bakiri hajui ni ya nini. Bei anaijua.

Ya kwanza ina kitufe cha neno moja:
ukigusa, upepo na rangi vinatoka vimeshikana mikono,
na chupa yake ya chini hainyonywi hadi tone la mwisho.
Ya pili ina adabu.
Bonyeza: upepo. Vuta nyuma: ndipo rangi,
kidogo kidogo, kama mtu anayekutolea siri.
Kikombe kiko juu, rangi hushuka yenyewe
kama uji kooni.

Nikaitaka ya pili. Nikauliza bei.
Nikaomba maji ya kunywa.

Mimi ni karani wa ghala la korosho.
Mchana nahesabu magunia, usiku nachonga malori yanayoyabeba.
Yako kumi na moja dirishani, ya mninga,
yote yana mifuo ya brashi kama godoro lililolaliwa.
La saba lina unywele mlangoni kwa dereva.
Umeganda humo tangu msimu wa juzi.

"Kalamu umepata," akasema Zamda. "Na pumzi?"

Hapo ndipo kesi.
Mji huu gesi yake inasafiri kwa bomba hadi Dar,
mimi hewa ya mlango mmoja inanitoa jasho.
Kopo la gesi lina dakika saba,
kisha linapoa mkononi, linakohoa, linakata roho.
Kompresa mpya inanguruma, na mtoto kalala chumba cha pili.
Somoe fundi friji ananiundia ya kimya
kutoka friji bovu la baa,
ila ananionya: "Upepo wa Mtwara una maji, karani.
Bila chujio, rangi itatema mate."
Na chujio linatoka Dar. Na Dar ni mwezi ujao.

Nangoma wa pancha alinisikiliza huku akisugua mpira.
Akabingirisha tairi la Scania hadi miguuni pangu,
akafunga koki, akajaza.
"Halina kelele hili. Likiisha, lilete."

Usiku. Barakoa. Dirisha wazi.
Nyuma ya stakabadhi ya zamani nikavuta mara ya kwanza:
buibui, miguu minane ya buluu.
Rangi nyepesi mno, mkono karibu mno.
Nikarudi nyuma shibiri moja. Buibui wa pili alikuwa mwembamba.
Wa tatu hakuwa buibui, alikuwa ukungu.

Basi lori la kweli likalipumulia lori la mninga,
taratibu, bila kumwamsha mtu,
mpaka mlango wa kushoto ukawa buluu pasipo mfuo hata mmoja.

Tairi limelegea sasa, linabonyea kwa kidole.
Asubuhi nalibingirisha tena kwa Nangoma.
Kulia bado.